Anayejua Majina Yote

Saa tatu usiku, ghala la kahawa, Moshi,
feni inazunguka kama inasita,
na programu ya mizani inauliza kwa mara ya mia nne:
yuko wapi anayejua majina yote?

Haimtafuti Malipo. Haimtafuti Daftari.
Hao watapatikana akishapatikana yeye.
Ukimtajia Malipo atakuonyesha mlango,
ukimtajia Daftari la Kibosho
atakuonyesha chumba kilicho ndani ya chumba.
Shida ni yeye mwenyewe:
jina lake limo kwenye orodha,
na orodha anayo yeye.

Aikande wa uhasibu alinipigia.
"Dada Ndeshi, wakulima wa Uru wamelala bila pesa."
Hakusema seva. Hakusema mtandao.
Alisema wamelala.

Juzi chumba cha chini kilivuja.
Mafundi wakaibeba mashine ghorofani kama mgonjwa,
wakaiwasha, ikaitika, wakaenda kunywa mtori.
Ikapewa namba mpya, na hakuna aliyeambiwa.
Mizani bado inapiga hodi kule chini,
poti ileile ya miaka yote,
na maji hayasemi karibu.

Nikajaribu yowe.
Ipo njia hiyo: unatupa sauti bila kumlenga mtu,
wewe utoaye majina, popote ulipo, itika!
Wakasikia waliomo humu: printa, simu ya mlinzi,
kompyuta ya Elinami isiyozimwa tangu Pasaka.
Lakini ruta ya kwenye ngazi haipitishi kelele.
Ni kama Kiwelu getini:
mtaje mwenyeji wako, atafungua;
payuka, atakutazama tu.

Mwaka juzi nilitumwa Pasua kupeleka modemu.
Karatasi ilisema: ukifika, uliza kwa Mama Siaeli.
Nikamuuliza muuza ndizi, Mama Siaeli anakaa wapi?
Akanishangaa.
"Kuuliza mambo ya hapa? Nenda kwa Mama Siaeli."

Basi nikafungua faili la kuanzia,
lile ambalo programu husoma kabla haijajua lolote,
kabla haijajua hata kwamba kuna kuuliza.
Elifuraha aliyekuwa hapa kabla yangu
alibandika humo anwani nzima,
herufi mia tatu na kumi na mbili, bila nafasi, bila pumzi,
namba na poti na ufunguo vimekunjwa ndani yake
kama chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Juu yake ameandika: Usiguse. Inafanya kazi.

Niligusa.
Nilipanda ghorofani nikaiambia seva ijitaje yenyewe,
ikatoa mkufu mpya wa herufi,
nikaunakili mara mbili kwa kuogopa mkono wangu.

Najua ningeandika jina badala ya namba.
Siku wakihama tena, ningebadilisha mahali pamoja.
Lakini jina nalo lina wa kulifasiri,
naye ana anwani yake,
nayo imeandikwa mahali fulani, na mtu fulani,
kwa mkono, kabla ya swali la kwanza.
Nimechimba hadi huko. Sikukuta zaidi.

Alfajiri mlima haukutoka.
Wageni wawili wa hoteli walisimama karibu na mnara wa saa
na kamera zao, wakijizungusha: uko upande gani?
Muuza chai alikuwa anamimina.
Alielekeza kidevu kwenye mawingu matupu,
hakugeuka, wala chai haikumwagika.

Saa moja na nusu ujumbe wa Aikande:
Uru wamelipwa. Mwika bado.
Mashine ya Mwika haiguswi kutoka mbali.
Nimeweka mkufu kwenye flashi, flashi kwenye soksi,
natafuta bodaboda
anayejua ofisi ya ushirika ilipo.
"Mwika naijua," anasema. "Tukifika tutauliza."
Kwa nani, nataka kusema.
Napanda.